Esi Iliyosomwa Tano

Pale kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina la nyumbani. Wote walimwita Nukta. Jina hilo alilipata mwaka wake wa pili wa kazi, siku aliposimamisha mashine zote nne za uchapaji kwa ajili ya kijitabu cha dozi za dawa. Palipotakiwa kusomeka mbili nukta tano, palikuwa pamechapwa ishirini na tano. Msimamizi wa zamu alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mchana mwenye kijitabu alipofika akaonyeshwa ule ukurasa, aliketi juu ya marobota ya karatasi, akashika kichwa kwa mikono miwili. Kuanzia hapo, hata yule msimamizi akawa anapanda ngazi mwenyewe kumpelekea kurasa.

Kazi yake ilikuwa kusoma, basi. Miaka ishirini na mbili alikaa kwenye chumba kidogo chenye dirisha moja, mbele yake rula, kalamu nyekundu, na kioo cha kukuza alichoachiwa na msomaji aliyemtangulia. Vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, lebo za sabuni, vyote vilipita kwenye macho yake kabla ya kwenda mashineni. Mumewe alikuwa na utani wake: mke wangu hali biskuti mpaka amalize kusoma karatasi yake.

Halafu meneja akanunua programu ya kusahihisha.

"Siku hizi kompyuta inajisahihisha yenyewe, dada," alimwambia, macho yake yakiwa kwenye meza. "Wewe nitakuweka stoo. Kule kunahitaji mtu makini."

Nukta hakulia wala hakubembeleza. Alichukua rula yake na kioo chake, akaiacha ile kalamu kwa kuwa ilikuwa mali ya kiwanda, kisha akageuka na kuichukua na ile kalamu vilevile.

"Sawa," akasema. "Siku ikisoma vibaya, usiiulize yenyewe. Njoo stoo."

Akashuka ngazi kichwa juu. Kilichomuuma si ile stoo. Kilichomuuma ni sauti ya wifi yake iliyompokea chini ya ngazi.

Wifi huyo, dada wa mumewe kabisa, ndiye aliyekuwa mkata karatasi wa kiwanda, na wafanyakazi walimwita Msumeno. Wageni walidhani ni kwa sababu ya kazi yake. Wenyeji walijua ni kwa sababu ya ulimi, maana msumeno hukata mbele na nyuma. "Karibu chini, wifi," alisema siku ile mbele ya watu. "Sasa na wewe utaijua kazi, uache kukaa huko juu ukikodolea nukta na makoma." Watu walicheka. Nukta alicheka pia, lakini kicheko cha meno tu. Miezi minane wakawa wanasalimiana kama majirani wenye kesi.

Msumeno alikuwa bingwa, hilo hakuna aliyembishia. Mashine yake ilikuwa na urefu wa kitanda cha watu wawili, na kisu chake kilishuka kwenye rundo la karatasi kana kwamba kinakata siagi. Nyuma ya kisu palikuwa na ubao wa chuma uliosogea mbele na nyuma kupima ukubwa wa kata, na ubao huo uliendeshwa na kompyuta ya zamani iliyofungiwa ubavuni mwa mashine. Asubuhi moja kompyuta hiyo ikatoa harufu ya kuungua, ikazima, haikuwaka tena. Vitabu elfu tatu vya hesabu vya shule vilikuwa vimeshonwa na kubandikwa majalada, vikabaki kingo zao zimetimka kama nywele za aliyetoka kulala. Kukata kwa kupima na rula ya mkono kuliwezekana, lakini kila kitabu kilitoka na upana wake. Msumeno alijaribu siku moja, akavitupa kumi na vinne, akavua glavu.

Watengenezaji wa vifaa vya mashine hizo wakashauri kompyuta mpya, na kompyuta yenyewe ilipofika watu walidhani wameletewa utani. Ilikuwa bodi moja ya kijani, nyembamba, yenye ukubwa wa kadi ya kitambulisho, haina kava wala kioo. Ilikuja tupu. Ilibidi kwanza iwekewe mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiamsha bodi na kuiambia wewe ni nani na kazi yako ni ipi. Baada ya hapo ndipo ingeweza kuendesha mashine. Unapakua faili la mfumo kwenye mtandao, unaliandika kwenye kadi ya kumbukumbu isiyozidi ukucha, unaichomeka kadi kwenye bodi, unawasha. Ndivyo walivyoambiwa.

Meneja akamwita fundi wa kompyuta aliyekuwa na duka mtaa wa pili. Huyu jina lake la mtaani lilikuwa Dakika Mbili, kwa sababu hakuna kazi aliyowahi kuikubali bila kusema, "Hiyo dakika mbili tu, bosi." Kijana hakuwa mbaya, na mikono yake ilikuwa myepesi kweli. Alikuja siku ya kwanza, akaandika kadi, akachomeka, akaunganisha skrini, akawasha. Taa nyekundu ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Siku ya pili akaja na kadi nyingine. Taa nyekundu, skrini nyeusi. Siku ya tatu alikuja mapema asubuhi na skrini yake mwenyewe, nayo ikawa nyeusi kama zilizotangulia.

"Bosi, hii imekufa," alitangaza. "Mmeletewa maiti. Irudisheni."

Kurudisha maana yake ilikuwa wiki sita, na shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya siku kumi. Meneja alishusha pumzi, akaibeba bodi na kasha lake mpaka stoo.

"Dada, ifunge vizuri. Kesho saa nne mtu wa kusafirisha mizigo anakuja kuichukua."

Nukta akaipokea. Na kwa kuwa hakujua kufunga kitu bila kukisoma, akaanza na kijitabu kilichokuwa ndani ya kasha. Kilikuwa na kurasa kumi na mbili, herufi ndogo kama mayai ya chawa, na ilionekana wazi kwamba hakijawahi kufunguliwa, kwani kurasa zilikuwa bado zimeng'ang'aniana. Alisoma kama alivyozoea, rula chini ya mstari, mstari kwa mstari, yale asiyoyaelewa akiyawekea alama ili ayarudie. Kufika ukurasa wa tisa, akasimama. Paliandikwa kwamba skrini ikibaki nyeusi, bodi haiko kimya. Inasema kila inachofanya kupitia pini tatu zilizo pembeni, na mwenye kutaka kuisikia aiunganishe na kompyuta nyingine kwa kebo iliyomo kashani.

Akachungulia kashani. Kebo ilikuwemo, bado ndani ya mfuko wake wa plastiki uliozibwa.

Nukta aliinuka akaenda moja kwa moja kwa meneja, bila kubisha hodi.

"Fundi alisema bodi imekufa. Alimsikia nani akisema?"

"Dada, skrini ilikuwa—"

"Skrini si mdomo wake. Mdomo wake haujaunganishwa. Nipe leo na kesho mpaka saa nne, na ile kompyuta ya chumba changu cha juu."

Meneja alimtazama. "Wewe unazijua hizi bodi?"

"Sizijui. Ninajua kusoma. Na hapa kuna kitu kimeandikwa na hakuna aliyekisoma."

Ukimsikia mtu akisema hivyo bila kupandisha sauti, kumkatalia ni kazi. Meneja akampa ufunguo wa chumba cha juu.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Kile chumba kilikuwa kimejaa vumbi na maboksi ya wino, lakini dirisha lilikuwa lilelile na mwanga uleule. Nukta alifuta meza, akafungua kijitabu, akaunganisha nyaya tatu kwenye pini tatu. Akawasha. Kompyuta haikuonyesha kitu. Akazima, akarudi kwenye kijitabu. Waya mmoja ni wa kusema na mwingine ni wa kusikia, na yeye alikuwa ameunganisha wa kusema kwa wa kusema. Akacheka peke yake. Mdomo kwa mdomo watu hawaongei, hapo kuna jambo lingine. Akabadilisha, mdomo kwa sikio na sikio kwa mdomo, akawasha tena.

Safari hii maandishi yakaja, tena kwa wingi, ila yalikuwa takataka: viulizo, vijiti, herufi za lugha zisizokuwepo duniani, zikimwagika kwenye skrini kama kokoto kutoka kwenye lori. Mtu mwingine angekata tamaa hapo. Nukta moyo ulimruka kwa furaha. Maiti haimwagi maneno. Na takataka za aina hiyo alikuwa amezizoea. Alishaziona mara nyingi, pale mashine ya kupangia herufi ilipopewa kazi iliyoandaliwa kwa mpango mwingine. Ujumbe ulikuwa mzima, ila msomaji na msemaji hawakukubaliana. Akarudi kijitabuni kutafuta neno lolote linalohusu makubaliano. Ukurasa wa kumi, mstari wa chini kabisa: bodi hii husema kwa kasi ya biti milioni moja na nusu kwa sekunde. Kompyuta yake ilikuwa imewekwa kusikiliza kwa kasi ya laki moja na kumi na tano elfu na kitu. Akarekebisha.

Maneno yakanyooka. Mistari ikapanda skrini kwa mwendo ambao hakuna jicho lingeufuata, ikafika mahali, ikasita, ikaanza upya. Ikasita palepale, ikaanza upya. Bodi ilikuwa ikijaribu kuamka, inaanguka, inajaribu tena, na ilikuwa hivyo siku zote tatu huku watu wakiitazama taa nyekundu na kuitangazia msiba.

"Unakimbilia wapi?" Nukta aliiambia. "Ngoja nikuweke kwenye karatasi."

Akahifadhi yale maandishi, akayachapa. Yalitoka kurasa kumi na moja. Akavuta kiti dirishani, akatoa kalamu nyekundu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane akaanza kusahihisha.

Saa sita na nusu Msumeno alipanda ngazi. Alikuwa amesikia fununu, na kukaa bila kazi kulikuwa kumemchosha kuliko kazi yenyewe. Akasimama mlangoni.

"Wifi, wanasema umeiteka kompyuta yangu."

"Ingia. Usipeperushe karatasi."

Msumeno akaingia, akatazama zile kurasa. Pembeni mwa mistari palikuwa na vitiki, viulizo na mishale. "Sasa haya nayo unayasoma nini? Si ni kelele za mashine?"

"Si kelele. Ni mtu anayeeleza jinsi anavyoamka. Hapa anasema nimeamka. Hapa anasema nimehesabu kumbukumbu yangu. Hapa anasema nimeiona kadi. Yote siyaelewi, lakini kusahihisha si lazima uelewe yote. Lazima uone kisichokaa sawa." Alimaliza ukurasa wa nne, akauweka, kisha mkono wake ukarudi ukauchukua tena. Akachukua na ukurasa wa pili. Akaziweka pamoja, akaweka rula.

"Nini?" Msumeno akauliza.

Nukta alichora duara jekundu kwenye ukurasa wa pili, na lingine kwenye ukurasa wa nne. "Hapa bodi inajitaja jina lake. Soma."

"Kei, tano, esi."

"Na hapa mfumo unataja bodi uliyotengenezewa."

Msumeno akainama. "Kei, tano... tano." Akainua macho. "Hilo jina lingine."

"Jina lingine, bodi nyingine. Tumemvisha huyu viatu vya ndugu yake, halafu tunamlaumu hatembei."

Akaichukua bodi, akaishika chini ya kioo cha kukuza. Ukingoni palikuwa na maandishi meupe madogo, herufi ya mwisho imesuguliwa kidogo juu. Kwa macho matupu ilikuwa tano. Chini ya kioo ilikuwa esi, kichwa chake kimeliwa. Msumeno alipotazama naye, alipiga mluzi.

Wakampigia Dakika Mbili. Nukta hakumgombeza, alimuuliza tu alichagua faili gani. Upande wa pili zikasikika funguo za kompyuta zikibofywa.

"Mama," sauti ikarudi, ndogo, "hapa kwenye ukurasa wao ziko mbili. Moja juu, moja chini yake. Mimi nilichukua... aisee."

"Njoo basi. Njoo na mtandao wako, wa hapa unakwenda kwa magoti."

Alikuja mbio, kompyuta kwapani, akaingia akihema na kuulizia mtandao kabla hata ya salamu, "Hapo juu kuna wifi?"

"Wifi ndiyo mimi," Msumeno akamjibu. "Unataka nini?"

Nukta alicheka mpaka akavua miwani. Msumeno mwenyewe akashindwa kujizuia, wakacheka wote wawili wakishikana mabega, na fundi akasimama katikati hajui acheke au aombe radhi. Mwisho akaunganisha mtandao kutoka kwenye simu yake, wakaanza kupakua faili sahihi. Lilichukua saa nzima na robo. Lilipokamilika, Dakika Mbili aliichukua kadi kwa vidole viwili.

"Tunaandika sasa, dakika—"

"Subiri," Nukta akasema. "Chini ya faili pale kuna mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Wa nini?"

"Ah, huo ni wa kuhakikisha, mama. Kompyuta inakokotoa mstari wake kutoka kwenye faili ulilopakua. Ukifanana na huo wao, faili limefika zima. Ikipotea hata chembe, mstari unabadilika. Watu huwa hatuangalii."

"Ninyi hamuangalii. Ukokotoe."

Akaukokotoa. Herufi na tarakimu sitini na nne, bila nafasi wala maana. Fundi akasema kompyuta yenyewe inaweza kulinganisha. Nukta akamwambia ilinganishe, hakuna ubaya, lakini yeye hasaini kitu ambacho hakukisoma. Zamani, kabla ya wafanyakazi kupunguzwa, kazi nyeti zilisomwa na watu wawili, mmoja akitamka na mwingine akifuata kwa kalamu. Kwa miaka mingi hakuwa na wa kumtamkia.

"Wifi, una sauti. Soma."

Msumeno akajikohoza, akavuta kiti, akasoma kwa ile sauti yake iliyozoea kushindana na mashine: "Tisa. Ei. Tatu. Tatu. Efu. Sifuri..." Nukta akafuata, nukta ndogo nyekundu chini ya kila herufi. Kufika ya arobaini Msumeno akaruka moja, na kabla Nukta hajafungua mdomo alijirudi mwenyewe, "La, pole, kabla yake kuna mbili." Alipomaliza ya sitini na nne jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji.

"Zote?" aliuliza.

"Zote."

Msumeno aliegemea kiti, akatazama ile karatasi yenye nukta sitini na nne. "Hivi ndivyo ulivyokuwa unafanya kila siku?"

"Kutwa."

"Na mimi nikasema unakodolea makoma." Kuomba radhi kulimpa tabu, maneno yalitoka kama yanavutwa na koleo. "Nilikosea, wifi. Nilisema vibaya, tena mbele za watu."

"Ulisema vibaya," Nukta akakubali. "Yamekwisha. Chomeka kadi, fundi."

Kadi ikaandikwa, ikachomekwa. Nukta aliwasha mwenyewe. Taa nyekundu ikawaka, na watu watatu wakaacha kupumua. Mistari ikapanda, ikapita pale ilipokuwa ikisita, ikaendelea kupanda. Taa ya kijani ikawaka kando ya nyekundu, ikaanza kupepesa taratibu. Kwenye skrini ukatokea mstari mmoja tu uliotulia, ukiuliza: jina la mtumiaji?

"Inauliza wewe nani," Dakika Mbili akanong'ona.

"Mwambie," akasema Msumeno. "Mwambie ajue."

Jioni ile walisakinisha programu ya mashine, na kesho yake asubuhi, saa nne kasoro, mtu wa mizigo alipofika mlangoni, meneja alimwambia samahani kwa usumbufu, hakuna mzigo. Wakati huo bodi ilikuwa imeshafungwa ubavuni mwa mashine ya Msumeno, ndani ya kisanduku cha chuma. Kwanza waliuendesha ule ubao wa kupimia huku kisu kikiwa kimezimwa. Waliandika sentimita ishirini na moja. Ubao ukasogea ukasimama. Nukta akapima kwa rula yake, akatikisa kichwa kuafiki. Ndipo Msumeno akaingiza rundo la karatasi tupu, akabonyeza vitufe viwili kwa mikono miwili, kisu kikashuka. Kingo zilitoka laini kama ukuta uliopakwa lipu na fundi hodari. Hapo akaita vitabu vya hesabu viletwe, vikaanza kupita mikononi mwake, na kufikia siku ya nne vyote vilivyosalia vilikuwa kwenye gari la shule.

Meneja alishuka stoo kwenda kumwona Nukta siku ya pili yake. Alianza kwa mbali, akazungumzia hali ya hewa, akazungumzia bei ya wino, mpaka Nukta akamhurumia.

"Unataka nirudi juu."

"Ndiyo, dada. Programu ile ibaki, lakini ikisahihisha, nawe usome."

"Nitarudi. Lakini mashine yoyote itakayoletwa hapa, kijitabu chake kipite kwangu kabla ya kuwashwa. Na meza iwe na viti viwili."

Akakubaliwa yote. Dakika Mbili naye alibadilika, si jina, maana jina la mtaani halibadiliki, bali mwendo. Akipata kazi ya bodi kwa wateja wake wengine, karakana ya useremala au duka la darizi, alimpigia Nukta kwanza, na mara nyingine alimpeleka kabisa, akimbebea mkoba. Nukta aliwekea mifumo bodi kama tisa kwa mwaka ule. Mbili zilimshinda, akasema wazi zimemshinda na kwa nini.

Msumeno ndiye aliyeipeleka habari nyumbani. Siku ya mapumziko alifika kwa kaka yake, akaketi, akasimulia kisa chote kuanzia taa nyekundu mpaka rundo la kwanza, kwa sauti ya kiwandani, mikono ikikata hewa. Kaka mtu akasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mkewe.

"Sasa hiyo esi na tano, wewe uliionaje?"

"Niliisoma," Nukta akasema, akamsogezea dada mtu chai.

"Usimuulize hivyo," Msumeno akamkemea kaka yake. "Muulize ile ya sitini na nne. Hiyo tuliisoma wawili." Akaanza kuisimulia upya.